Kifua cha Georgette, Jina la Mado

Ukikohoa wiki tatu, nenda hospitali. Nenda na miguu yako, na kifua chako, na jina lako mwenyewe. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo, nimeshamwambia yote. Anayebaki akae vizuri, nimweleze kwa nini nang'ang'ania neno jina.

Mimi ni Mado. Watu wa rika langu hapa Likasi wakinisikia wanauliza, "Mado wa basketi?" Ndiyo, huyo huyo, yule wa kuinama kila mlangoni. Nilianza kurusha mpira kwenye uwanja wa shule yetu nikiwa na miaka kumi na miwili, na viatu vya kuazima. Nilipofika kumi na saba Kampuni ikanichukua. Sina haja ya kuitaja jina. Kwetu, ukisema Kampuni, hata mtoto anajua ni ile ya shaba. Vitabuni mwao nilikuwa karani, ila kalamu yao sikuwahi kuishika hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kucheza. Asubuhi mazoezi, alasiri mazoezi, Jumapili mechi, leo Kolwezi, kesho Lubumbashi, na mara mbili Kinshasa kwa ndege. Sikuwa mfungaji mkubwa. Mimi nilikuwa mikono: unaona mpira unakwenda kulia, kumbe umeshapita kushoto. Ikumbuke mikono hiyo, maana inarudi baadaye kwenye habari hii, na hairudi kwa sifa.

Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Georgette. Baba alifia kazini zamani, na nyumba ya kambi ya wafanyakazi ilibaki mikononi mwetu kwa sababu jina langu lilikuwa vitabuni. Georgette nilimzidi miaka miwili tu, na urefu tulilingana, lakini mpira aliuchukia. Yeye alikuwa anafuata samaki ziwani Tshangalele na kuja kuwauza sokoni Kikula, na mdomo wake ulijulikana soko zima.

Ikaja ile miaka ya tisini. Unga wa Kampuni ukakatika, mshahara ukawa hadithi. Wenzetu watatu wa timu, pamoja na yule mrefu wetu wa kati, walibeba magodoro wakaenda kulala stesheni kungoja treni ya Kasai, kwa sababu wenyeji walikuwa wanawafukuza wote wenye asili ya huko. Sisi tuliobaki tuliendelea kupeana mipira bila kutazamana usoni. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Ndipo ikaja barua ya Dakar. Timu ya huko ilinitaka msimu mzima, chakula chao, nyumba yao, uwanja wa mbao wenye paa. Walitaka kitu kimoja tu: cheti cha daktari pamoja na picha ya kifua. Na mimi nilikuwa nakohoa tangu mijakaranda ilipoanza kutoa maua. Nilikuwa nakunywa maji ya majani ya mkalitusi, najifunika blanketi, naamka shuka limelowa chapachapa. Kwa kocha nilisema ni vumbi.

Georgette nilimkuta barazani anapanga samaki kwenye beseni.

"Unisaidie kitu kimoja," nikamwambia.

"Ukianza na kitu kimoja, minye najua iko kitu kubwa."

"Uende kupiga radio."

Radio ndiyo tunavyoiita picha ya kifua.

"Radio ya nani?"

"Ya kwako. Lakini kwa jina yangu. Weye haukohoake, kifua yako iko propre, safi kabisa."

Alicheka mpaka akaweka samaki chini, akaniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake. "Ati yaya Mado! Weye njo unaenda Dakar, minye njo navula nguo?"

"Nitakutumia viatu."

"Ya namna gani?"

"Ya talon, kisigino murefu. Rouge."

"Leta hiyo carte yako."

Mpiga picha wa hospitali ya Kampuni alikuwa mgeni, hata basketi hakuijua. Aliona mwanamke mrefu na kadi ya mwanamke mrefu, yakaishia hapo. Georgette alirudi akinidhihaki kwamba lile bamba la chuma lilikuwa baridi kuliko moyo wangu.

Wiki moja baadaye nikaitwa. Nilivaa gauni langu zuri, nikijua naenda kuchukua cheti. Daktari aliinua ile filamu dirishani. Pembeni, kwa herufi nyeupe, palikuwa na jina langu. Juu kulia palikuwa na doa, kama ukungu uliokataa kuondoka.

"Utalala hapa leo," akasema. "Wodi ya kifua. Miezi miwili, kisha tutaona."

Maneno yalikuwa ulimini: si kifua changu. Lakini nikiyasema, ni udanganyifu, jina langu linafutwa vitabuni na Mama anatolewa kambini na masufuria yake. Na Georgette? Kadi yangu ilitibu mume na watoto, na sikuwa na mume wala mtoto. Dada kwa Kampuni hakuwa mtu. Nikikataa lile doa, linabaki kifuani mwake bila dawa. Nikilikubali, dawa itatoka, itatoka kwa jina langu, nami nitajua la kufanya. Nikafunga mdomo. Siku ile nilijiona nina akili sana. Akili ile, jamani, ningeipata leo ningeipiga makofi.

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na dirisha moja kubwa lenye wavu wa waya. Nje palikuwa na baraza, na ukuta unaofika kiunoni, na mstari mweupe wa chokaa ambao mgeni hakuruhusiwa kuuvuka. Kila asubuhi sindano, kisha kiganja cha vidonge, kisha kukaa. Kukaa ndiko kulikoniua. Mimi nilikuwa mtu wa kukimbia, sasa naambiwa niende chooni polepole. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya hospitali, sikuuona, niliusikia. Saa tisa mipira ilianza kudunda, nami kitandani nilijua nani anadunda vibaya. Nililia kwa hasira, nikigeukia ukutani ili mwanamke wa kitanda cha pili asinione.

Aliyetutunza alikuwa Mama Régine, muuguzi mfupi mnene, wa kuongea taratibu, ambaye kabla ya ugonjwa wangu hakukosa mechi zetu. Kwa hiyo kumtuma Georgette alale pale badala yangu ilikuwa haiwezekani. Sura yangu aliijua. Ilibidi mimi nilale, na dawa ndizo zitembee.

Na zilitembea. Mama Régine aliniwekea vidonge mkononi, akangoja nitupie mdomoni na kunywa maji. Nilitupia, koo likashuka na kupanda, nikafungua mdomo, ulimi huu hapa. Vidonge vilikuwa vimebaki nyuma ya kidole gumba. Miaka saba watu walinipigia makofi kwa ujanja ule ule. Mchana Georgette alileta sufuria ya bukari, ugali wetu, na sombe, yaani kisamvu. Nilikula, nikaacha donge moja la bukari chini, vidonge vimezama ndani yake, nikamrudishia sufuria juu ya ukuta.

Siku moja zangu, siku moja zake. Hivyo ndivyo tulivyopatana kwa kunong'ona, yeye huku mstarini, mimi barazani. Hatukuona ubaya. Nyumbani kwetu yai moja lilikuwa la wawili, na kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi. Sindano tu sikuweza kumgawia.

Baada ya siku chache alikuja macho yamemtoka. "Yaya, ninakojoa damu!"

"Haina damu. Ni ile kidonge nyekundu. Batu bote ya hapa banakojoa vile."

"Ungenisemea! Nimeshatubu zambi yangu yote."

Tulicheka, naye akaanza kukohoa. Nikamsikia. Kilikuwa kikohozi kile kile changu, kinachoanzia chini, kinachochukua mabega. Nani alimpa mwenzake? Tulilala chumba kimoja tangu utoto. Nilirudi kitandani nikiwa na swali hilo, na halijaniacha.

Mvua zikaja kweli kweli, zile za kugonga mabati mpaka watu mnaongea kwa ishara. Wenzangu wa wodi walinenepa. Kila Jumamosi tulipimwa uzito, nao walishuka kwenye mizani wakitabasamu. Mimi sindano zilinisaidia kidogo tu. Mapaja yangu, yale ya kurukia, yalibaki ngozi na mfupa. Pete ya Baba ikawa inanitoka kidoleni nikinawa. Masikioni kulikuwa na mlio kama wa nyenje, usiku na mchana. Nikisimama, sakafu ilinitangulia. Na ule mlio wa mipira nyuma ya hospitali ulikuwa unapungua. Kwanza mipira mingi, kisha miwili, kisha mmoja. Alasiri moja nilingoja saa tisa ifike, ikafika, ikapita, na hapakudunda kitu.

Mwisho wa mwezi wangu wa pili wodini, Georgette akaacha kuja. Sufuria ikaletwa na Mama.

"Georgette iko wapi?"

"Amechoka kidogo. Hii mvua."

Mama hakujua lolote. Tulimficha, kwa sababu Mama ana moyo wa kupiga mbio, na kwa sababu angetukataza. Nikaendelea kubana vidonge na kuzamisha kwenye bukari, nikiamini Georgette ataifungua sufuria. Siku ya nane hivi, Mama alisimama mstarini huku mvua inamchuruzika kwenye kitenge.

"Mado, mudogo wako anatapika damu. Haamuke tena. Nashindwa nimupeleke wapi."

"Mama, ile bukari narudisha, yeye anakula?"

"Gani bukari? Ile ya mu sufuria? Napatia bata ya jirani."

Nilishika ukuta. Siku nane. Kila zamu yake ilipofika nilijinyima, nikawatibu bata. Nilirukia ule ukuta niende nyumbani na gauni la hospitali, na Mado wa zamani angeuruka huku anapiga mluzi. Nikaanguka kwenye tope upande wa pili, kichwa kinazunguka, na mlinzi akaja akanishika kwapani. "Mado wa basketi, rudia," akasema kwa upole, kama anamrudisha mbuzi. Mama alikuwa analia hapo hapo mstarini, na hakuruhusiwa kunigusa.

Kesho yake asubuhi Mama Régine alipita kukagua vyombo vyetu vya mkojo, kama alivyofanya kila siku, na sisi tulidhani ni uchafu wa kazi yake tu. Aliinama kwangu, akainuka polepole, akavuta kiti.

"Mado. Juzi ilikuwa ya machungwa. Jana maji. Leo machungwa. Mwezi muzima naangalia. Nikasema pengine macho yangu njo yamezeeka."

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri, wa figo. Nikafungua mdomo, kikatoka kilio.

"Mudogo wangu anakufa, Mama Régine. Ile radio haina ya kwangu. Ni kifua yake. Dawa tunagawa."

"Munagawa?"

"Siku moja yangu, siku moja yake."

"Munagawa dawa sawa sabuni?" Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Mulikuwa bagonjwa babili wa kupona. Mumetengeneza bagonjwa babili wa kufa. Juu ya nini haukusema?"

Nikamweleza kadi, nyumba, Mama, vitabu vya Kampuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo nikilikumbuka nataka ardhi inimeze.

"Na kwa masista ya Kikula, haukuuliza?"

"Kwa masista?"

"Dispensaire yabo. Banatibu kifua. Dawa ni ile ile. Habaombe carte ya mutu."

Tafadhali nielewe. Georgette alikuwa anauza samaki hatua mia mbili kutoka mlango ule. Alipita mbele yake kila siku na beseni kichwani. Lakini sisi tulikuwa watoto wa Kampuni: tulizaliwa kwenye wodi yake, tukasoma shule yake, tukala unga wake, Baba alizikwa kwa jeneza lake. Tulijua dawa inatoka kwa Kampuni kama maji yanavyotoka bombani. Hata bomba lilipokauka, tulisimama pale pale na ndoo. Haikutupitia akilini kwamba mtu anaweza kutibiwa kwa kuwa mtu tu.

Mama Régine alivua koti lake jeupe, akavaa buti za mvua, akatoka. Hakuniaga. Nilikaa dirishani kwenye wavu tangu asubuhi ile. Sijawahi kungoja hivyo, hata filimbi ya mwisho tukiwa mbele kwa kikapu kimoja. Mwanamke wa kitanda cha pili alinipa nusu ya kiazi chake, akakaa nami, na hiyo nusu ya kiazi nitamkumbuka nayo mpaka naingia kaburini.

Alirudi jioni inaingia, tope mpaka magotini.

"Anaishi," akasema. Akanisimulia taratibu. Walimweka kwenye baiskeli ya jirani, mmoja akisukuma, Mama akimshika mgongo, mpaka Kikula. Kwenye ukumbi wa kungojea palijaa. Georgette aliegemea bega la Mama. Sista akafungua karatasi mpya, akaandika, akaita: Georgette. Akaita mara ya pili, mara ya tatu.

"Hakuitika," Mama Régine akasema. "Nikamugusa: si njo weye Georgette? Akaniangalia sawa mutu anaamuka. Akasema, nilikuwa nangoja baite Mado."

Nilifunika uso kwa shuka, nikalia mpaka kesho yake, na sindano ya asubuhi nilichomwa huku nalia.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi baada ya hapo. Mimi nilianza upya, miezi minane, sindano nyingine juu ya zile za kwanza, na kila kidonge nilikitafuna mbele ya Mama Régine kama adhabu. Alinishika vidole kimoja kimoja, akavifungua, akavitazama. Sikuona vibaya. Alipimisha makohozi yangu tu, maana filamu za radio zilikuwa zimekwisha hospitali nzima na hakuna aliyejua zitarudi lini. Georgette alilala kwenye kitanda cha masista mvua zote, na wiki za kwanza kila Mama alipokuja mstarini nilitazama kwanza kichwa chake, kama amefunga kitambaa cha msiba. Alikuja na kitenge chake cha kawaida. Kila mara, kitenge chake cha kawaida. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia aliniletea salamu: Georgette anauliza viatu vyake vyekundu vya talon viko wapi. Hapo nikajua mdogo wangu amerudi.

Siku niliyotoka, mijakaranda ilikuwa imechanua tena. Ubaoni, kwenye lango la ofisi ya Kampuni, kulikuwa na orodha ya waliofutwa kazi, mvua imeshaichakaza. Timu nzima ilikuwemo, na jina langu katikati. Hawakunifuta kwa udanganyifu. Walitufuta sote, mwezi ule ule wangu wa pili wodini, nikiwa bado nabana vidonge kidoleni kulinda nafasi isiyokuwepo. Na wodini wala nyumbani hakuja mtu kututoa, kwa sababu hata wa kuja kututoa alikuwa ameshafutwa. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, watu wakanipita mbali.

Dakar walichukua mwingine. Siwezi kucheza, sikio la kushoto limekufa kwa sindano zile, na nikigeuka haraka dunia inachelewa kunifuata. Nafundisha mabinti kwenye uwanja ule ule, nimekaa kitini. Anayekohoa simruhusu kugusa mpira. Namwongoza mwenyewe mpaka dispensari, nasimama pembeni, na jina lake likiitwa nangoja aitike yeye.

Ile filamu waliniruhusu kuichukua. Niliificha chini ya godoro, mpaka siku moja Georgette, mashavu yamerudi, akaikuta akifagia. Aliiinua kwenye mwanga. Alitazama mbavu, akatazama doa, akatazama herufi za pembeni.

"Hii kifua ni ya nani?"

"Ya kwako."

"Basi juu ya nini iko na jina yako?"

Nilianza kuomba msamaha, ule ambao nilikuwa nimeupanga miezi mingi. Hakuungoja. Alitoa kisu chake cha samaki, akaketi mlangoni, akakwangua MADO taratibu, herufi moja baada ya nyingine, akapuliza vumbi lake. Kisha kwa ncha ya kisu akachora jina lake lote, herufi kubwa, zimepinda, maana huwa anaandika akikaza midomo. Dirisha letu la mbele lilikuwa halina kioo tangu mji ulipoporwa miaka ile, tuliliziba kwa katoni. Akaitoa katoni, akaigongomea filamu pale kwa misumari minne.

Iko pale mpaka leo. Asubuhi jua likipanda, kifua chake kinaangukia ukutani juu ya kitanda changu, mbavu zote, na lile doa, sasa juu kushoto, na jina lake linasomeka kinyumenyume. Mama anasema ndiyo picha pekee ya Georgette tuliyo nayo. Ya kifua changu mimi sijawahi kuiona.